Nambari Kumi kwenye Kadi ya Salamu

Mama alikuwa na sheria zake za kadi ya salamu, na ole wako ukizivunja. Kalamu iwe ya bluu. Majina yawe kumi, si tisa wala si kumi na moja, kwa sababu mistari kwenye kadi ilikuwa kumi na aliyeichapisha hakuwa mjinga. Nambari moja ni Jirani. Nambari kumi ni mimi. Hapo katikati ungeweza kuwapanga wajomba, mashangazi na watu wa kanisani upendavyo, lakini hizo nambari mbili hazikuguswa.

Kwa nyinyi mliozaliwa juzi, kadi ya salamu ilikuwa kijikaratasi kigumu kilichouzwa dukani, karibu na stempu. Unaandika jina lako na mahali ulipo, unawaandika watu unaotaka wasalimiwe, unaweka ujumbe mmoja mfupi, kisha unaituma stesheni ya redio. Halafu unasubiri. Wiki mbili, tatu, mwezi. Kila Jumamosi saa nane mchana mtangazaji anasoma kadi, na wewe umekaa kwenye kiti umekunja mikono kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Ikisomwa ya kwako, basi. Huongei na mtu hadi Jumatatu kwa sababu ya maringo.

Mimi ndiye niliyeandika kadi za Mama. Alikuwa anajua kuandika, ila herufi zake zililala upande mmoja, na aliamini kwamba mtangazaji akiona mwandiko mbaya anaiweka kadi chini ya rundo. Kwa hiyo Jumamosi baada ya kufua sare za shule nilikalishwa mezani, kitambaa cha kufuma kikasukumwa pembeni, Mama akasimama nyuma yangu akinitajia. Malipo yangu yalikuwa ule mstari wa mwisho. "Nambari kumi ni ya mwandishi," alisema, na mimi nikajiandika kwa mbwembwe zote, nikipinda mkia wa herufi ya mwisho hadi ukagusa pembe ya kadi.

Tuliishi Makadara, kwenye zile nyumba za mistari za baraza la jiji, ukuta mmoja kati yetu na Jirani. Mama alitoka magharibi mwa Kenya, akaja Nairobi kumfuata Baba aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni huko Industrial Area. Jirani alitoka upande wa Mlima Kenya, na aliuza mboga getini. Lugha zao za nyumbani hazikukutana popote, hivyo urafiki wao wote waliujenga kwa Kiswahili, Kiswahili ambacho mwalimu wangu angekipaka wino mwekundu kuanzia juu hadi chini. Hawakuitana kwa majina. Waliitana Jirani, huyu na huyu, na hata mimi sikujua jina la yule mama hadi nilipokuwa darasa la sita.

Sasa hapo ndipo Baba alipokuwa anacheka. Mtu unamtumia salamu za redio, na yuko nyuma ya ukuta! "Si umwambie tu hapo kwenye kamba ya nguo?" alimuuliza Mama. Na Mama alimjibu bila kugeuka: "Nikimwambia hapo, nani atasikia?"

Nakumbuka siku kadi iliposomwa. Sauti ya mtangazaji ilikuwa nzito na ya taratibu, ikitaja jina la Mama la salamu, maana wana-salamu wote walikuwa na majina ya kujibandika. La Mama silitaji hapa, angenifinya. Alipofika kwenye nambari moja akasema, "Jirani yake, hapo hapo Makadara," na kabla hajaendelea na nambari mbili tukasikia ukutani: ngo, ngo, ngo. Mara tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa risiti. Mama aliguna tu, akaendelea kuchambua maharagwe, lakini shingo yake ilinyooka siku hiyo yote.

Miaka ikaenda. Baba alituacha, Mungu amrehemu. Jirani naye, magoti yakiwa bado mazima, alihamia mtaa wa Kware, huko huko Nairobi, kwa mwanawe, ghorofa ya nane kwenye nyumba isiyo na lifti. Siku ya kuhama walilia wote wawili kama watoto, halafu wakawekeana agano hapo getini, mimi nikiwa nimebeba sufuria zake. Kila Jumamosi watasalimiana redioni. Yeyote akinyamaza wiki tatu mfululizo, mwenzake ajue kuna jambo, aje.

Mtauliza kwa nini hawakupigiana simu. Niliuliza pia, na kwa kiburi. Mama akanitazama kama mtu aliyemwaga maziwa. "Simu ni ya shida," akasema. "Simu ikilia, moyo unashtuka kwanza. Salamu hazimshtui mtu."

Wakati huo kadi zilikuwa zimeanza kupotea madukani. Mama akahamia kutuma arafa kwa simu ya vitufe, na mambo yakaenda. Halafu mambo yakabadilika tena, na safari hii aliyeyabadilisha nilikuwa mimi.

Niliajiriwa na stesheni ile ile. Haki ya Mungu, siku nilipopata barua Mama aliwaambia watu wa Makadara yote kwamba binti yake anafanya kazi "ndani ya redio." Kazi yenyewe ilikuwa kuifanya redio ionekane. Hebu fikiria. Watu wamesikiliza miaka yote bila kujua sura ya mtangazaji, na wakaridhika kabisa, sasa mimi nafunga kamera studio ili wamwone akikohoa. Meneja wa vipindi alisema wasikilizaji wanazeeka, vijana wako mtandaoni, na asiyewafuata huko afunge duka. Sikumbishia. Nilikuwa kijana, na mtandao ndio ulionipa unga.

Mtangazaji wa salamu alikuwa bado yule yule. Tulimwita Mzee. Siku ya kwanza ya kumrusha mubashara kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni alikuja na shati jipya lenye mikunjo ya dukani, akaikazia macho kamera kama anapigwa picha ya kitambulisho. Nikamwambia, "Mzee, tabasamu." Akaniuliza, "Kwani nani amesema kitu cha kuchekesha?"

Mpango ulikuwa huu. Watu waandike salamu zao kwenye ukurasa, chini ya tangazo la kipindi. Mimi nizichague, nizichapishe kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho ya Mzee, nimpelekee karatasi. Yeye asome. Mimi ndiye niliyekuwa mlango, ingawa siku hizo sikujiona hivyo. Nilijiona mtu wa kazi nyingi anayestahili likizo.

Mama akanipigia. "Eti siku hizi arafa hazisomwi?"

"Zimekwisha, Mama. Ni mtandaoni."

"Mtandaoni wapi? Nielekeze."

Ilikuwa saa ya kazi, meneja amesimama kando yangu, video fupi niliyotengeneza imegoma kupanda. Nikamjibu vibaya. Nilimwambia hayo mambo ya kusalimu watu kumi kumi yamepitwa na wakati, apumzike. "Haya, mama," akasema. Akiniita mama hivyo, kwa upole, najua nimemchoma. Nilijua hata siku hiyo, na bado nikarudi kwenye video yangu.

Baada ya muda ukurasa ukaanza kujaa vitu. Vijana walikuwa wanaandika vizuri, mistari mifupi: niaje Mzee, wasalimie maboi wa hapa na pale, yaani vijana wenzao, kisha vile vikatuni vya kicheko, moto, moto. Lakini katikati yao waliibuka watu wengine. Hawana picha ya uso, wana picha ya ua, au ya ng'ombe, au ya kanisa. Wanaandika kwa herufi kubwa tupu. Wanaanza wote kwa maneno yale yale, "Salamu hizi ziwaendee," halafu orodha, moja hadi kumi. Na waliyamwaga kila mahali, hata chini ya matokeo ya mpira, hata chini ya tangazo la sabuni. Meneja akaja akaona. "Hii ni nini? Watu wanatuma rejista ya shule? Safisha."

Nikasafisha. Kuna mahali kwenye mipangilio ya ukurasa unaweza kuorodhesha maneno usiyoyataka, na maoni yoyote yenye maneno hayo yanafichwa yenyewe. Watu huweka matusi hapo. Mimi niliweka "Salamu hizi ziwaendee." Nikabonyeza, ukurasa ukang'aa, nikaenda kunywa chai. Mimi! Mtoto aliyeyaandika maneno hayo mara ngapi sijui, kwa kalamu ya bluu, kando ya kitambaa cha kufuma. Sikusita hata kidogo. Hadi leo nikikumbuka nataka kujizaba kofi.

Na jambo la kufichwa ni hili: aliyeandika haambiwi. Yeye anaendelea kuyaona maoni yake pale pale, kama kawaida. Anadhani amesema, kumbe amesema peke yake.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea Mzee karatasi. Akazipekua, akazigeuza nyuma kama mtu aliyeangusha kitu. "Wale wangu wako wapi?"

"Wepi, Mzee?"

"Wa kumi kumi."

Nikamwambia hawaandiki siku hizi, pengine wamechoka. Akatikisa kichwa, akavaa miwani, akawasalimia maboi. Jumamosi nyingine akauliza tena. Ya tatu hakuuliza. Ya nne alisoma karatasi zangu kwa sauti ya mtu anayesoma maelezo ya dawa, na meneja akanung'unika kwamba pengine huyu Mzee wakati wake umefika.

Jumapili iliyofuata ile Jumamosi ya nne nilikwenda kumwona Mama. Nilimkuta amefungua simu mapajani, ile simu kubwa niliyomnunulia, akaifunika haraka kwa leso nilipoingia. Sikujali. Nilidhani ni video za kwaya. Akaenda jikoni kusonga sima, mimi nikatupa viatu, nikajilaza kwenye kochi.

Kisha nikasikia wimbo wa kanisani unakuja kutoka njiani. Sauti za wanawake, taratibu, zile sauti unazozijua hata kabla hujayasikia maneno, kwa kuwa umezisikia kwenye misiba. Nikachungulia dirishani. Wanawake watano wamejifunga leso, mmoja amebeba unga, mwingine sukari na majani ya chai, na mbele yao, akishikwa mkono, Jirani. Ameteremka ghorofa nane na magoti yake ambayo sasa yalikuwa mabovu. Uso umelowa. Nikafikiri, maskini, amefiwa. Hata sikujiuliza kwa nini aliyefiwa anakuja kwetu na unga.

Mama akafungua mlango, mwiko mkononi, mvuke bado unatoka.

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Jirani alimtazama Mama kuanzia miguu hadi kichwani. Halafu akakaa chini, hapo hapo kwenye ngazi, akalia kwa sauti kubwa hadi watu wakatoka nyumba za kando. Mama naye akachutama na mwiko wake. "Ni nani? Ni nani ametuacha? Sema!"

"Wewe!" Jirani akamjibu. "Si ni wewe! Wiki tatu kimya, nikaongeza moja kwa uoga, nne! Mimi sina huo mtandao wa kutuma, unajua, nimebaki kusikiliza; nimekaa na redio sikioni, nasikia maboi tu! Nikataka kupiga simu, nikasema, akipokea mtu mwingine je? Nitaambiwa nini?" Na machozi yakageuka hasira bila hata kusimama kidogo. "Kumbe uko hapa unapika! Uko hai na unaninyamazia, jirani? Nimekukosea nini?"

"Sijanyamaza!" Mama akasema. "Nimetuma! Kijana wa kanisani alinielekeza mtandaoni, kila Jumamosi nimetuma!" Akaingia ndani, akaichomoa simu chini ya leso, akaifungua mbele ya wanawake wote. Niliona picha ya waridi jekundu. Nililijua lile waridi. Nilikuwa nikilipita ukurasani kila wiki kabla sijasafisha. Herufi kubwa. SALAMU HIZI ZIWAENDEE. 1. JIRANI YANGU KWARE, GHOROFA YA NANE.

Mama aliinua macho akanitazama, mimi nimesimama nyuma ya kochi na soksi zangu, mdomo wazi. Kisha akamgeukia Jirani, na sauti yake ikashuka.

"Ni mtandao tu, jirani. Mtandao umekuwa mbaya sana siku hizi."

Wanawake wote wakaguna. Ah, mtandao. Kila mmoja alikuwa na kisa chake cha mtandao. Unga ukapelekwa jikoni, chai ikapikwa, na chai ya matanga ya Mama ikanywewa na Mama mwenyewe, akicheka hadi akashika mbavu. Na mimi, jamani, nilifurahi. Nilisema moyoni, nimepona. Hakujua.

Jumatatu nilifika kazini kabla ya mfagiaji. Nikaingia kwenye mipangilio, nikayatoa yale maneno. Maoni yaliyofichwa yakatokea, na hayakwisha kutokea. Nilivuta chini, nikavuta, kidole kikachoka. Walikuwepo wote. Mwenye ng'ombe alikuwepo, mwenye kanisa alikuwepo. Waliandika kila wiki. Wengine walikuwa wamemuuliza Mzee kama anaumwa. Mmoja aliomba radhi kama amemkosea.

Nikalitafuta waridi. Nikasoma ya Mama yote, kwa mara ya kwanza, moja hadi kumi. Nambari moja Jirani. Hapo katikati wajomba, mashangazi, watu wa kanisani, nusu yao sasa ni marehemu na ameandika hivyo, marehemu fulani, lakini amewasalimu. Na nambari kumi: BINTI YANGU ALIYEKUWA MWANDISHI WANGU. YUKO HAPO HAPO STESHENI. MSALIMIENI, ANA KAZI NYINGI. Wiki zote, bila kukosa.

Nilichapisha zote. Nilimbebea Mzee rundo zito, nikamweleza nilichofanya, nikasubiri anipasue. Hakunipasua. Alizishika karatasi zile kwa mikono miwili, akazigonga mezani zikae sawa. "Kumbe hawajachoka," akasema. Meneja nilimwambia kwamba hawa ndio watu waliobaki na sisi wakati wengine wameondoka, na kama anataka kuwafuta basi awafute yeye kwa mkono wake. Sijawahi kumsemesha hivyo. Alitazama maoni yalivyo mengi, akasema tujaribu.

Jumamosi Mzee hakucheza nyimbo nyingi. Alisoma. Alipofika kwa Mama aliikawilia ile karatasi, akatamka kila neno kwa nafasi yake kama zamani. "Nambari moja, Jirani yake, huko Kware, ghorofa ya nane." Mimi nilikuwa kwenye kompyuta nikitazama maoni yanavyopanda, na hayakupita maneno matatu kabla mmoja hajaandika, mtu nisiyemjua: "Mimi ni mke wa mwanawe hapa Kware. Mama mkwe amegonga ukuta mara tatu. Wapangaji wa upande wa pili wanauliza kuna nini."

Mzee alipofika nambari kumi alinyanyua macho, akanitazama kupitia kioo cha studio, akaisoma yote. Niliinama chini ya meza nikijifanya natafuta waya.

Jumapili nilikwenda Makadara na maungamo yangu mdomoni. Nilimkuta anasonga sima. Nikamwambia yote: haukuwa mtandao. Ni mimi niliyeweka yale maneno kwenye orodha; hata zile za awali nilizichapisha bila kusoma, sikujua ni yeye.

Mwiko ukasimama.

"Hukujua ni mimi?"

"Sikujua, Mama. Ningejua ningekuwa nimekuficha?"

Akazima jiko. Akakaa kwenye kigoda, akajifuta mikono kwa leso, kidole kimoja kimoja. "Mimi nilijua ni wewe unayempa Mzee karatasi. Nikasema ameiona ya mama yake, ameona haya mbele ya wenzake. Nikasema, si neno. Nitaendelea kutuma, siku moja haya zitamwisha."

"Na Jirani? Kwa nini hukumpigia umwambie?"

"Nimwambie nini?" Mama akasema. "Kwamba binti yangu ananionea haya?"